Maneno ya Kumtafutia Mama

Jumanne, 4 Machi
Siku nzima maktabani, nimetoka mikono mitupu. Kwenye kompyuta yao yenye orodha ya picha za kuchorwa niliandika jina la Mama na "mchoraji" — sifuri. Nikaandika sentensi nzima: picha alizochora mama yangu kabla sijazaliwa. Matokeo maelfu, yote takataka! Moja lilihusu rangi za kuta.
Nyumbani Baba kashikilia palepale: marehemu mama yako hakuwahi kugusa brashi. Basi hiyo picha ya kiti kitupu chumbani kwangu ilichorwa na nani? Jini? Haina sahihi. Anataka kuitupa wiki hii. Utotoni nililala nimeipa mgongo. Mpaka leo nalala hivyo.

Jumatano, 5 Machi
Mkutubi, mama mmoja wa makamo mwenye ulimi mkali, alisoma nilichoandika akacheka. Eti, "Mwanangu, mashine haipigiwi soga. Maneno mawili matatu, yenye uzito. Aliyeorodhesha picha hakumjua mama yako — aliandika alichokiona."
Haya: kiti, dirisha, rangi ya mafuta. Akanionyesha kuweka AU kati ya "kiti" na "stuli", maana kila mtu huita kivyake.
Ikafunguka picha. Kiti chetu! Mguu mmoja umefungwa kamba, vilevile. "Msanii hajulikani." Lakini hiki kimekaliwa na mtoto wa kike. Ananitazama. Nami sina ndugu, nimezaliwa peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwonyesha Baba kwenye simu. Huyu nani? Akaosha kikombe kilichokuwa safi. Akasema nisichimbechimbe.
Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Mkutubi kanishauri: wachoraji huipa picha jina la aliyekaa mbele yao, jaribu majina ya kwenu. La bibi — hola. La shangazi — hola. Nikaandika la kwangu, kwa mzaha tu, nikaongeza "kiti".
Picha moja. Mtoto yuleyule. Jina langu, na la Baba baada yake. Mwaka — mimi nilikuwa sijazaliwa! Chini, neno la mada aliloweka mworodheshaji: picha za ukumbusho wa marehemu.
Mkutubi akaniletea maji.
Naandika kibarazani. Baba yuko chumbani kwangu, nasikia msumari ukitolewa ukutani. Sasa anaita jina hilo, taratibu, kwa upole ambao hajawahi kuniitia.
Sijaitika. Sijui anamwita nani kati yetu.