Wa Kumwangalia Mchana

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa pale dirishani na miwani yako mwenyewe usoni, si ya mama, maana najua mnaazimana. Goti je? Mara ya mwisho uliniambia linakubali kupanda ngazi ila linagoma kushuka. Mama naye mpe shikamoo yangu, umwambie sweta limefika na linanitosha, isipokuwa mikono, ambayo yeye anaikumbuka mirefu kuliko ilivyo. Sisi hatujambo. Mke wangu bado yuko mapokezi pale kliniki, na wajukuu zako wawili wanakula, wanasoma na wanabishana, hasa hilo la mwisho.

Habari kubwa ya nyumba hii ni kwamba Jumamosi tunaleta mtoto wa mbwa. Cheka tu, baba. Ni kweli mimi ndiye niliyeapa kwamba ndani kwangu hakitaingia chenye miguu minne isipokuwa meza. Lakini watoto wameniomba mwaka mzima hadi nikaahidi, na yule mkubwa, tunayemwita Jaji kwa sababu hakuna kesi asiyoitolea hukumu, aliniuliza mbele ya mama yake kama ahadi ya mtu mzima huwa ina mwisho. Nikanyoosha mikono.

Nilidhani kupata mbwa ni kwenda kumchukua. Kumbe! Mwenye mbwa ni mama mmoja mstaafu aliyekuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, na mtaa mzima humwita Matroni. Mbwa wake amezaa watano, wala hamtoi hata mmoja mpaka aje akague nyumba. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alinyimwa kwa sababu uani kwake hakuna kivuli. Matroni alimwambia avae koti zito akae pale juani kutwa nzima, kisha arudi wazungumze.

Kwa hiyo tulijiandaa wiki mbili. Nilipiga wavu chini ya geti, nikazipandisha nyaya za televisheni ukutani. Viatu vyote vimehamia juu ya kabati, na sasa kila asubuhi tunapanga foleni kwenye kigoda kimoja. Mke wangu alitoa blanketi kuukuu, akalirudisha, akatoa kuukuu zaidi. Mziwanda wetu akaona ni busara kulijaribu boksi la kulalia kabla ya mwenyewe kufika, akakwama kiunoni, ikabidi tulikate upande mmoja. Sasa lina mlango mzuri.

Matroni alikuja Jumapili. Alipiga magoti getini akajaribu kupitisha ngumi chini ya wavu, isipite. Alichungulia chini ya sinki. Nyuma ya friji alitoa pakiti ya sumu ya panya ambayo sote tulikuwa tumeisahau, akaiweka mezani, nasi tukaitazama kama watoto waliokamatwa na sukari. Ndipo akakubali chai, akauliza swali lake la mwisho: mchana anabaki nani? Alieleza kwamba mtoto wa wiki nane hula mara nne, hutolewa nje kila baada ya saa mbili, na kwa miezi mitatu ya kwanza haachwi peke yake. Kama hakuna mtu, alisema, na hakusema kwa ukali, ipo familia nyingine inayosubiri.

Jaji alipendekeza yeye na mdogo wake wawe wanaugua kwa zamu, na magonjwa alikuwa nayo tayari, Jumatatu tumbo, Jumanne jino. Tulicheka. Kisha mke wangu akasema ukweli kama alivyoujua: mimi hutoka saa moja, yeye saa moja na nusu, na mchana nyumba hubaki na kufuli. Matroni akaweka kikombe chini akaanza kutafuta mkoba wake. Mziwanda alipouona ule mkoba, midomo ikaanza kumtetemeka.

Hapo nikasema kwamba mimi nipo.

Baba, sasa nakuambia na wewe. Kiwanda cha uchapaji kimeniachisha kazi, na huu ni mwezi wa tatu. Sikuiba, sikulewa, sikugombana na mtu. Wameleta mtambo mpya unaoendeshwa na watu wawili pale tulipokuwa tisa. Wewe ulisimama kwenye ukumbi ule miaka thelathini na moja, ukaniingiza kwa mkono wako, ukamwambia msimamizi kwamba unamwachia jicho lako la kupimia rangi. Nimechana barua nne kabla ya hii.

Kila asubuhi nilitoka na shati lililopigwa pasi na chombo cha chakula, nikaenda maktaba ya umma kusoma magazeti hadi jioni, na kila mwisho wa mwezi nikamega kiinua mgongo nikakiita mshahara. Na kabla ya kurudi nilikuwa nasimama nyuma ya maktaba na kikopo cha wino, najipaka kwenye kucha ili nionekane nimetoka mtamboni. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema; yangu ilikuwa kilomita nne kwenda na nne kurudi. Kupoteza kazi kuliniuma, lakini hilo la wino linanitia aibu kuliko kazi yenyewe.

Mke wangu kwanza alicheka, akamwambia Matroni asinisikilize. Nikamweleza yote. Matroni akainuka, akasema anataka kuutazama tena mfereji wa nyuma, akawachukua watoto, ingawa mfereji ule umefunikwa zege. Mke wangu aliniuliza jambo moja tu: chakula chake nilikuwa nakilia wapi. Nikamwambia kwenye benchi, peke yangu. Hilo ndilo lililomliza, kwa sababu huamka alfajiri kukipika. Siku mbili hakunisemesha ila kwa habari za mbwa. Siku ya tatu niliikuta sahani yangu mezani imefunikwa, na kikaratasi kinachoniamuru nile nimekaa kwenye kiti.

Jumapili ile ile, Matroni aliporudi ndani alinihoji kama mgonjwa. Nikakiri kwamba natafuta kazi, nimeshapeleka barua sehemu mbili, na nikipata yeye atajua kabla sijaanza. Akasema wodini aliwapenda wazazi waliotamka mara moja mtoto amemeza nini. Wengine walimpotezea muda. Mbwa tukapewa.

Mama msomee barua yote, usiruke mahali. Wajukuu wanakusalimu, wamegombania jina la mbwa hadi Jaji akaahirisha kesi. Mke wangu anakusalimu pia, na anasema goti likandwe kwa maji ya moto.

Nimeandika haraka hivi kwa sababu unakuja mwisho wa mwezi, na najua huanzia kiwandani kuwaamkia wenzako, ukaningoja nitoke. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sikutaka uumbuliwe wewe kwa niaba yangu, na mlinzi, pale getini. Usipitie kule, baba. Njoo moja kwa moja nyumbani, saa yoyote, hata iwe saa nne asubuhi. Nitakufungulia mimi.

Ni mimi,
Mwanao