Wahudumu Watatu wa Mguu Wangu Wanakuja Pamoja

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na uniombee kabisa, maana Jumanne nyumbani kwangu kuna kikao. Mimi ni dereva wa malori, njia ninazozijua mimi hata ramani haizijui, askari wa vizuizini wananipigia saluti, lakini nimevunjika mguu nikiwa juu ya stuli nabadilisha balbu ya jikoni, usicheke. Ni mguu wa kushoto, wa klachi, bila huo mimi si dereva, ni abiria. Basi hospitali inaniletea watu nyumbani, kila mtu na siku yake. Nesi anasafisha kidonda cha upasuaji na kunihimiza niinue mguu, akiniuliza, "Baba, unauinua?" namjibu, "Sista, mguu wangu siku hizi mfalme, haugusi chini." Kesho yake binti wa mazoezi ya viungo, "Mzee, umetembea?" "Mwanangu, nimezunguka nyumba mpaka kuku wananiomba nipumzike." Anafurahi, anaongeza mazoezi, na mimi siinuki wala siinui, maana nikikanyaga naona nyota mchana, na ule mkongojo alionipa naanikia soksi. Kisha mama wa ustawi wa jamii, ana huruma huyo, nikaona nisimnyime kazi, nikamwambia mke wangu hanijali, hata maji hanipi. Mshauri, mke wangu saa hiyo alikuwa sokoni ananinunulia matunda! Kila mmoja nimemwambia yeye ndiye bingwa na wenzake wanabahatisha, nilitaka wote watoke kwangu wanacheka, ndivyo moyo wangu ulivyo. Sasa wamepelekwa mafunzo ya kufanya kazi kwa pamoja, na nesi kapiga simu: "Baba, tunakuja wote watatu, tukae na wewe na mkeo, tupange." Nihame? Au nijifanye nimepoteza kumbukumbu?

Simba wa Masafa Marefu

Simba,

Pole kwa mguu. Kwa mdomo sikupi pole.

Watu wamekuja kukuponya, umewageuza wake wenza. Kuinua mguu ukiwa umekaa na kutembea kidogo kidogo havigombani hata siku moja; mchonganishi ni wewe. Binti anaongeza mazoezi akidhani una nguvu, nesi haelewi mguu umekwama wapi, na mama wa ustawi huenda anakutafutia mtu wa kukutunza wakati unaye ndani. Wote wanatibu mguu wa hadithi. Wa kweli uko kitandani, unakakamaa.

Unaogopa maumivu, na nahisi unaogopa zaidi kuambiwa huendeshi tena. Si aibu hiyo. Lakini nani atakupa dawa ya maumivu usiyoyataja?

Leo hii muombe radhi mkeo, asije akasikia mbele ya wageni ulivyomsingizia. Atakufokea, fokewa. Kisha mpigie nesi: "Nimewadanganya nyote, nikikanyaga naumia, sijatembea." Na shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikata, usingoje Jumanne, ukimbizwe hospitali.

Kwenye kikao uliza mbele ya wote: nitaendesha tena, na nifanye nini ili nifike huko? Ukiulizwa kama umetembea, sema hapana, halafu unyamaze, uwaache wazungumze wao kwa wao. Ndicho walichoenda kujifunza.