Mpira wa Aika Nyuma ya Masale

Meya wangu,

Jina lako bado linafanya kazi huku Majengo. Mtu akipita asubuhi anasalimia kila mlango kama anaomba kura, wanasema huyo anataka kumrithi Meya. Chumba chako amehamia dada mmoja mshona nguo. Cherehani yake inagonga ukutani kwangu mchana kutwa, na sijamwambia kitu. Bora hiyo kuliko ule ukimya uliouacha wewe. Kibanda changu cha simu kipo palepale. Naendelea.

Hapana, siendelei vizuri. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nina aibu, Meya. Nimemharibia Aika.

Si unakumbuka ulivyojiandikisha kujitolea kwenye yale mashindano ya gofu ya kulipwa, kule juu kwenye mashamba ya kahawa? Mgongo ulishakataa kubeba mfuko wa fimbo za Aika, mdogo wako, ukasema basi utasimama hata na bendera, ila lazima uwepo siku anacheza na maproo wenzake. Ukatutoka kabla. Nikasema nafasi ya Meya naichukua mimi, nani atanizuia. Wewe unanijua. Sijawahi kugusa fimbo ya gofu, ila nilikaa na simu wiki nzima, video moja inaisha naweka nyingine, mpaka nikajiona refa. Walinipa fulana ya saizi uliyoandika wewe, ikanifika karibu na magoti. Nikaivaa hivyohivyo, kifua mbele.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi, ndiyo maana naumia. Unasimama mbali, pale mipira inapoangukia. Mpira ukitua ndani ya uwanja unainua bendera ya kijani, ukitoka nje unainua nyekundu. Mchezaji yuko mbali, haoni, anakutegemea wewe. Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja wa Rau, mpole, anaongea taratibu. Asubuhi alitupitisha akatuonyesha mipaka. Mimi ile redio niliyopewa ilikuwa inakoroma, na bisibisi yangu ilikuwa mfukoni kama kawaida. Mama anaonyesha mipaka, mimi nimeinama nafungua redio. Niliitengeneza kweli, ikasikika safi, nikafurahi. Alichokisema kuhusu vigingi vyeupe sikukisikia.

Siku ya pili ndiyo ya mchujo. Wanaopita wanacheza siku zilizobaki, wengine wanafungasha. Na Aika alishamwambia mama yenu kwamba asipopita mwaka huu anaacha, anaenda ile kazi ya hotelini Arusha. Alikuwa anacheza vizuri, aisee, ungelia. Alivyofika kwenye shimo langu alikuwa bado yuko ndani ya mchujo. Nilimwona kwa mbali na ile kofia yake, nikajipanga kama nacheza mimi.

Akapiga. Mpira ukaja juu sana, ukapinda kulia, ukapita juu ya mstari wa masale, yale majani ya mpaka, ukadunda mara moja nyuma yake.

Meya, wewe ni mtoto wa Marangu kama mimi. Isale ni nini kwetu? Tangu hatujajua kutembea tunaambiwa ukishapita masale uko kwa watu. Wazee wameshtakiana kwa sababu ya isale lililosogezwa hatua moja. Mkono wangu haukuniuliza. Bendera nyekundu ikapaa.

Kedi wake, yule mbeba mfuko, aliniambia baadaye kilichotokea kule walipokuwa. Alimshauri, "Sema huu ni wa akiba, twende kwanza tukauangalie." Maana ukisema mpira wa pili ni wa akiba, ule wa kwanza ukionekana ndani unaendelea nao. Usiposema, wa kwanza umekufa hata kama umekaa katikati ya majani mazuri. Aika akamjibu, "Yule ni Godi. Godi hawezi kunidanganya." Akatoa mpira mwingine, akapiga, hakusema kitu.

Walipofika kwangu mama wa Rau alikuwa ameshaupata ule wa kwanza, nyuma ya masale, kwenye nyasi safi. Vigingi vyeupe, mpaka wenyewe wa uwanja, vilikuwa mbele zaidi, vimejificha kwenye nyasi ndefu. Yale masale yalikuwa mpaka wa shamba la mtu wa zamani, uwanja ulishalimeza lile shamba siku nyingi. Refa akaitwa. Alikuwa na huruma usoni lakini sheria ni sheria, unaendelea na wa pili na adhabu yako juu. Aika akauokota mpira wa kwanza, akaugeuza, akasema, "Ni wangu." Akaniangalia. Hakunitukana. Ningelipa chochote anitukane.

Alikosa mchujo kwa mpigo mmoja.

Huku mtaani habari ilifika kabla yangu. Vijana wa pale kwa muuza chipsi wananiita Nyekundu. Nikipita mmoja ananyanyua mguu juu ya mtaro, "Nyekundu, hebu niangalie, hapa niko ndani au niko nje?" Wanacheka mpaka wanakaa chini. Na mimi nacheka. Nikifika kibandani nashindwa hata kufungua simu ya mteja.

Sasa sikia nilichofanya, maana hiki ndicho kinachonichoma zaidi. Hata wiki haijaisha nikakata isale, nikapanda Marangu. Sikumwambia mzee yeyote anisindikize, sikusubiri. Nilipita kwenye kihamba chenu, katikati ya migomba ya nyumbani, nikaona mgomba ulio upande wa miguu yako umebeba mkungu mzito wameuegemezea mti. Kaburi lako nililiona. Nikaharakisha kama sikuliona. Samahani.

Mama alikuwa uani. Nikamwamkia shikamoo, nikapiga goti, nikatoa isale. Unajua tena, ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe, hata kama mtu kakuulia ng'ombe. Mama akalipokea, akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Yameisha, mwanangu. Kaa, nikuletee maziwa." Nikajisikia mwepesi, Meya. Nikanywa yale maziwa kama mtu aliyefaulu mtihani.

Aika alikuwa bandani anakata majani ya ng'ombe. Alisubiri mama aingie ndani. Akaja na panga mkononi, akasimama, akasema polepole, "Umeleta isale ili nisikasirike. Mimi nilikuwa nataka nikasirike kidogo."

Nikaweka kikombe chini, nikaaga.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalifikiria hilo. Nimemnyang'anya mchujo, halafu nikapanda mlima haraka haraka kumnyang'anya na hasira zake, ili mimi nipate usingizi. Ni haraka ileile. Uliniambia siku nilipochoma ile simu ya mwalimu, "Godi, mkono wako unafika kabla yako." Tulicheka sana siku ile.

Juzi ameshuka mwenyewe mpaka kibandani. Wale vijana waligeuka wote kumwangalia, hata aliyekuwa anakaanga. Hakukaa. Akasema hoteli imempa muda kidogo kabla hajaanza, na kuna mashindano ya mwisho ya kutafuta nafasi ya kubaki na maproo, palepale uwanjani. Yule kedi ameondoka na mchezaji mwingine. Akasema, "Njoo ubebe mfuko wangu. Nitakukaripia kila shimo, mbele za watu, na hutanijibu. Utaweza?"

Nikamwambia nitampa jibu baadaye. Mimi, Meya, nimeomba muda. Alishangaa mpaka akataka kucheka.

Nataka kwenda, sana. Nimeshaenda mara mbili kuangalia vile vigingi, nimevishika kimoja kimoja. Lakini hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Akiikosa na mimi nimebeba mfuko, sitaweza kupita tena kwenye mlango wa mama. Na nikikataa, hizo hasira atazipeleka wapi, azipeleke hotelini akatandike nazo vitanda? Halafu kuna sauti inaniambia kwamba hata huku kukubali ni kujitafutia usingizi tena. Usiku nasema ndiyo, asubuhi nasema hapana, na cherehani ya yule dada inaendelea.

Pumzika, kaka. Nakuahidi mawili. Nitapanda tena Marangu na safari hii nitasimama kwako, sitakimbia. Na Aika nitampa jibu mimi mwenyewe, uso kwa uso, likiwa limeshatulia kichwani kabla halijafika mdomoni.

Ila kabla sijapanda, nisaidie hili moja, wewe uliyemlea. Ungekuwa ndiyo wewe uliyeinua ile bendera, ungeubeba mfuko wake?

Godi