Sharti la Nne

Jumapili, 8 Machi
Kaka amepiga simu. Baba atafanyiwa upasuaji wa moyo Alhamisi asubuhi. Daktari ni mgeni, jioni yake anaondoka — hakuna siku nyingine. Na Baba hatii sahihi fomu mpaka anione kwa macho yake. Njoo wewe, kaka anasema, sisi ametushinda. Nitakwenda. Bila shaka nitakwenda.

Miaka kumi na minne nakatia watu tiketi za ndege. Mwenyewe sijapanda hata moja. Ofisini hakuna anayejua.

Jumatatu, 9 Machi
Kulikuwa na nafasi mbili. Kesho, na masaa manne ya kusubiri ndege ya pili. Au Jumatano, na dakika hamsini tu. Ukiikosa hiyo, nyingine ni Ijumaa. Nimechukua Jumatano. Bosi nimemwambia kesho siwezi kuondoka, tiketi za wale wateja wetu wanakwaya thelathini na wawili sijazimaliza. Nilizimaliza tangu wiki iliyopita. Naogopa. Basi, nimeandika.

Juu ya meza yangu imebandikwa ile karatasi ya masharti saba ya safari, niliyoyatunga mwenyewe. Kila mteja anaondoka na nakala, ndiyo maana wananiita Bibi Masharti. La nne: usikubali chini ya masaa mawili kati ya ndege na ndege. Leo nimeifunika na kalenda.

Jumanne, 10 Machi
Nimefungasha mara tatu. Dawa za presha, chaja, nguo ya kubadili — zote kwenye mkoba wa mkononi. Jina la pasipoti na la tiketi nimelilinganisha herufi kwa herufi. Ndege niliyoikataa imeondoka saa tatu, kwa wakati wake. Nilikuwa naifuatilia kwenye kompyuta, roho inanisuta.

Kaka tena. Baba kamwambia nesi binti yake ni mtu wa ndege, hachelewi.

Jumatano, 11 Machi
Nimefika uwanjani masaa matatu kabla. Wameninyang'anya chupa ya maji — mimi! Sharti la pili: usibebe maji.

Sasa niko ndani, kiti cha dirishani. Tulikuwa tuondoke saa tatu. Ni saa tatu na dakika thelathini na tano, mlango umefungwa, hatujasogea. Rubani anasema kuna taa haiwaki, fundi anaishughulikia. Katika zile dakika hamsini zangu zimebaki kumi na tano. Nimemuuliza mhudumu kama ndege ya pili inaweza kunisubiri. Atajaribu kuuliza, ila haahidi. Sauti hiyo naijua, ndiyo ninayowapa wateja.

Mama mtu mzima aliyekaa pembeni yangu, anayeunganisha kwenda nchi nyingine, katoa karatasi mkobani, imekunjwa mara nne. Karatasi yangu! Miwani kaiacha kwenye begi kubwa, kaomba nimsomee. Nimesoma. La nne nimelipitia haraka haraka.

"Aliyeandika haya anajua kazi," kasema. "Mimi nilitaka ya haraka, vijana wa ofisini kwake wakanikatalia katakata. Wakanipa ya masaa manne. Na wewe, mwanangu?"

Mawili, nimemjibu.

Ujumbe wa kaka: daktari kaleta fomu, Baba kaiweka chini ya mto. Baba anauliza kama nimesharuka.

Mhudumu anapita, anataka simu zizimwe. Tumeanza kusogea — hapana. Ni gari la mizigo huko nje, ndilo linaloondoka.