Jiwe jeusi kwenye ngolo zetu

Jumanne. Ukungu umekaa Matiri tangu asubuhi, kahawa za jirani hazionekani. Ila mimi leo naona kweupe. Naandika hapa kwa simu kwa sababu mdomoni hayatoki.

Tangu waje watu wa kutafuta makaa ya mawe, nyumbani hatulali vizuri. Siku tunachimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, ambayo nyasi hufukiwa kingoni ziwe mbolea, Baba alikuta tabaka la jiwe jeusi. Akarundika nyasi juu yake.

"Umeona nini wewe?"

"Sijaona kitu, Baba."

"Haya."

Tuliogopa kuhamishwa. Shamba ni hilo moja, na kaburi la bibi liko pale juu.

Jiwe lenyewe hakuna aliyethubutu kulitia motoni tujue moja.

Likiwaka je?

Leo akaja dada mmoja, mtaalamu wa miamba, na nyundo yake. Akamwamkia Baba shikamoo. Baba akaitikia, lakini kasimama juu ya zile nyasi, hasogei. Dada akacheka: "Baba, nyasi za wenzako zimeshafukiwa, zako mbona zinalindwa?"

Mimi mbele za watu huwa naangalia chini. Sijui nini kilinisukuma, nikainama nikazifunua. Baba alivyoniangalia, nilitamani nitumbukie shimoni.

Dada akagonga, akakwaruza kwa kisu. Akasema zamani sana huku kulikuwa na kinamasi. Majani yakarundikana, yakafunikwa na tope, yakashindiliwa, ndiyo makaa. Yapo mengi kule bondeni, ng'ambo ya mto. Hapa kwetu lilikuja tope tupu, majani kidogo sana, ndiyo maana jiwe letu ni jeusi tu, si makaa.

Hiyo nikaielewa upesi. Ngolo yenye nyasi chache haizai.

Mama hakuridhika. Akachukua kipande mpaka jikoni, akakitupa kwenye mafiga, tukakizunguka wote. Kikapasuka pa! Mama akaruka. Halafu basi.

Hakikuwaka.

"Mwanaume mzima, umeshindwa kuweka jiwe jikoni," Mama akamwambia Baba. "Tungekuwa tunalala siku zote hizi!"

Baba alicheka mpaka akakaa chini.

 Jioni Baba alinipa jembe lake, lile ambalo haligusi mtu, akanionyesha zile nyasi. Nikazifukia vizuri, palepale juu ya jiwe.

Asubuhi napanda maharage.