Taa ya chumbani kwa mama mkwe

Mama Evelina mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, maana nimechoka mpaka sauti yangu mwenyewe inanichosha. Mimi ni Stanley, naishi Kizota hapa Dodoma na mke wangu Ruthu na watoto wetu, na tangu mama yake aje kutoka Mpwapwa kutibiwa miguu, tukampa chumba cha nyuma na kumtundikia chandarua, breka ya taa haitulii, kila jioni inashuka, nyumba nzima giza, naenda kuipandisha, inakaa kidogo, mama akishusha chandarua alale inashuka tena, narudi kuipandisha, na ugali wangu unapoa mezani.

Nilibadilisha balbu zote, nikaitoa taa ya nje nikidhani imeingia maji ya mvua, wapi! Rafiki yangu Luka, fundi umeme, akanielekeza kwa simu nizime swichi zote kisha tuwashe chumba kimoja kimoja, tukafanya hivyo, kila chumba kikakubali, Ruthu akawasha cha mama, chap, giza, nami nikapaza sauti, "Basi tatizo liko kwa mama!" Mlango ulikuwa wazi, mama akasikia. Ruthu akawaka: "Sema tu umemchoka mama yangu!" Tangu hapo ameapa hakuna fundi atakayepekua chumba cha mama yake kana kwamba anatafuta hirizi, na mimi siwezi kuingia, kwetu mwanaume hakanyagi anapolala mama mkwe wake, na mama kila jioni anasema kwa upole, "Nizimieni ya kwangu, wanangu, mie giza nimelizoea," Ruthu hataki, anaiwasha kwa hasira, tunarudi gizani wote.

Juzi nimenunua breka kubwa zaidi, ingawa mzee Natwarlal dukani aliniuliza kama nawasha taa za uwanja wa mpira. Nataka kuifunga Jumamosi yaishe. Au nimwombe mama arudi kwanza Mpwapwa, tupumue? Nishauri, sina tena nguvu ya kugombana.

Stanley, Kizota.

Marahaba, Stanley. Pole, baba, na hiyo pole ishike vizuri, maana mengine yote ni makaripio.

Breka hiyo usiifunge! Irudishe kwa mzee Natwarlal, na ukifika umwamkie kwa adabu, alijaribu kukuokoa ukadhani anakutania. Breka inaposhuka inakuambia kuna mahali waya umeumia. Ukiweka kubwa itanyamaza tu, na waya utaendelea kuchemka ndani ya dari, juu ya kitanda cha bibi mwenye miguu mibovu asiyeweza kukimbia. Hilo ulilifikiria, au ulifikiria ugali wako?

Halafu hebu soma barua yako. Umeandika kwa mkono wako kwamba balaa lilianza mlipotundika chandarua, na kwamba taa hukatika mama anapokishusha. Msumari wa chandarua umepigwa wapi? Darini. Waya wa taa umepita wapi? Hukohuko darini. Mimi si fundi, nimeolewa tu na mwanaume anayegongelea misumari popote, lakini mimi ningeanzia hapo.

Leo mama asilale chumba hicho. Mhamishieni kitanda sebuleni, na swichi ile na chandarua kile visiguswe na mtu. Kesho mchana Luka aje mwenyewe, hayo mambo ya simu basi, azime meni swichi, ile kubwa ya nyumba nzima, kabla hajagusa chochote. Wewe kaa nje kama heshima yenu inavyotaka. Ruthu ndiye aingie naye, vitu vya mama avitoe yeye kwa mikono yake, fundi abaki na dari tu.

Nawe Ruthu, najua ukurasa huu utakufikia. Umechoka kumuuguza mama, umechoka kumtetea, na mumeo ana mdomo mpana. Nakuonea huruma. Lakini kuwasha swichi ile kwa hasira si kumtetea, mwanangu, ni kumhatarisha. Iache.

Ya Mpwapwa sitaki kuyasikia. Stanley, ulisema tatizo liko kwa mama, naye akakubali. Kila jioni anaomba akae gizani ili nyinyi na wajukuu wake mpate mwanga, na wewe umeyaandika maneno yake ukayapita, ukakimbilia habari za breka. Hajalizoea giza, baba. Anajiona mzigo nyumbani kwako.

Kwa hiyo hata kabla ya kumpigia Luka, nenda ukasimame mlangoni kwa mama, usivuke kizingiti, umwamkie. Kisha paza sauti kama ulivyoipaza siku ile: "Mama, nilikosea. Kilichoharibika ni waya wa nyumba yangu. Taa yako itawaka."