Mkono wa Akinyi Ng'ambo ya Barabara

Mama, mwalimu wangu,

Leo nakuandikia kwa kujigamba, na usinikataze.

Kabla sijazaliwa ulikuwa ukiigiza michezo ya redio Nairobi, enzi ambazo kijiji kizima kilisikiliza redio moja. Mimi nilikukuta Awendo, mwalimu wa shule ya msingi, ukifundisha watoto kusema. Kila Ijumaa, katika kipindi chako cha mashairi, ulitupanga kando ya barabara ya malori ya miwa. Mwanafunzi mwenzangu Akinyi alisimama ng'ambo, sisi tukakariri shairi upande huu, malori yakinguruma katikati. Akisikia kila neno, anainua mkono. Asiposikia, tunaanza upya.

"Usipige kelele, nyathina, mwanangu," uliniambia. "Kelele ni ya koo. Sauti itoe tumboni."

Nikuambie ukweli, nilikuwa nakununia siku hizo.

Kisha mwalimu mkuu akachoka nawe. "Madam, mkirudi kutoka mashindano ya Homa Bay mikono mitupu, hicho kipindi chako napea mwalimu wa hesabu." Ulitupeleka barabarani siku ileile.

Siku ya mashindano Homa Bay, mvua ilipiga mabati, stima ikapotea, kipaza sauti kikafa. Shule zilizotangulia zilipiga mayowe hadi sauti zikakauka, na waamuzi hawakuambulia kitu. Zamu yetu ilipofika, ulikwenda kusimama mlangoni, nyuma kabisa. Nikaanza. Kwetu ile mvua ilikuwa lori tu. Ulipoinua mkono, nilijua tumeshinda kabla waamuzi hawajajua. Mwalimu mkuu alikibeba kikombe mwenyewe hadi ofisini, na kipindi chako hakikuguswa tena.

Juzi tumekuzika. Nilikuwa ndio naanza kusoma wasifu wako jenereta ikazima, na watu walikuwa wamejaa hadi kwenye miwa. Mjomba akaninong'oneza, "Ngoja kwanza, wanaongeza petroli."

Niliogopa, mama, kwamba wewe, uliyefundisha nusu ya Awendo kusema, ungeagwa bila kusikika. Sikungoja petroli. Niliweka kipaza sauti chini, nikavuta pumzi hadi tumboni, nikawaambia ulikuwa nani.

Nilipomaliza nilitazama mbali, kule mwisho wa watu. Akinyi, sasa mama wa watoto watatu, alikuwa amesimama kando ya miwa akilia. Mkono wake ulikuwa juu.

Pumzika, mama. Umesikika.

Kifungua mimba wako